Vyumba vya Funguo Zilizogoma

Mkaguzi wa kodi alifika kibandani siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, wakati Mama Funguo ameubana kwenye jiliwa ufunguo wa kabati la maktaba na anaupiga tupa jino la tatu. Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni na fomu zake zimebanwa kwenye kibao, na alisubiri pembeni kwa adabu mpaka kelele za tupa zikakoma. Akauliza bei ya kufuli. Akauliza bei ya kitasa, na bei ya kumfungulia mtu aliyejifungia nje. Mama Funguo akamjibu yote bila kupepesa, kwa sababu hakuwa na la kuficha. Daftari lake la mauzo lilikuwa wazi juu ya meza, na kila senti iliyoingia tangu mwanzo wa mwaka ilikuwa humo, hata ile ya mteja aliyelipa nusu akahama mji.

Kisha mkaguzi akainua macho akauona ubao.

Ubao huo ulikuwa na misumari kumi, na kwenye misumari tisa kulikuwa na funguo tisa, kila mmoja na kikaratasi chake kilichofungwa kwa uzi. Kimoja kiliandikwa Mkaidi. Kingine Mfupi. Vingine Mlegevu, Mzito, Jino Moja, na kadhalika mpaka wa tisa.

"Hizi funguo ni za nani?" mkaguzi akauliza.

"Zangu," akasema Mama Funguo, akarudi kwenye kazi yake.

Hapo ndipo jambo zima lilipoanzia. Lakini jibu lenyewe lilikuwa la kweli kabisa. Zilikuwa funguo alizoziharibu mwenyewe katika miaka kumi na minne ya kazi, na ufunguo ukiharibika ni mali ya fundi. Mteja halipi hata kidogo. Fundi mwingine angezitupa. Kwenye ukoo alioolewa yeye, hilo ni mwiko. Mama mkwe wake, aliyemfundisha kazi baada ya mume kufariki, alimpa masharti mawili tu siku alipomkabidhi kibanda na mashine. La kwanza: usichonge ufunguo kutoka kwenye nakala, tafuta ule wa asili, maana nakala ya nakala hupoteza jino kidogo kidogo mpaka haifungui kitu. La pili: ufunguo uliogoma usiutupe, kwa kuwa ukishachongwa una mlango wake mahali fulani, na ukiutupa umemfungia mtu nje. Yule bibi akapigilia misumari kumi kwenye ubao, akasema fundi akivuka kumi akatafute kazi nyingine.

Mkaguzi hakuuliza habari za masharti. Aliona mtu mwenye funguo tisa, kila mmoja na jina lake, na kwa hesabu za ofisini kwao mtu wa namna hiyo ni mwenye nyumba. Akazihesabu mara mbili kwa ncha ya kalamu, akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Mwezi wa kuwasilisha ritani ya kodi ulipofika, Mama Funguo alikwenda kwenye duka la kompyuta, akalipia nusu saa, akafungua ukurasa wake. Miaka ya nyuma alikuwa anajaza karatasi. Siku hizi ritani humkuta mtu ikiwa imeshajazwa, na kazi yake inabaki kukubali. Akakuta mapato ya kibanda yako sawasawa. Chini yake, sehemu ya pili, kipengele cha nne, pameandikwa: vyumba vya kupangisha, tisa. Wapangaji, tisa. Pango lililopokelewa kwa mwaka, kiasi ambacho yeye hajawahi kukiona kimekaa pamoja. Chini kabisa palikuwa na kodi anayotakiwa kulipa juu ya pango hilo, nayo ilizidi bei ya mashine yake.

Akajaribu kufuta ile tisa. Mfumo ukamwambia sehemu hii haibadilishwi. Akajaribu kuandika sifuri. Mfumo ukamwambia amekosea tarakimu. Akajaribu kutoka. Mfumo ukamwambia kwaheri, na ukabaki pale pale.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya kodi, na saa nane mchana alifika dirisha namba sita. Karani wa hapo alikuwa dada mwenye miwani iliyoungwa mkono mmoja kwa uzi, na sauti ya mtu aliyejibu swali hilohilo tangu asubuhi.

"Sina vyumba vya kupangisha," Mama Funguo akasema. "Nina viwili. Kimoja nalala mimi, kimoja analala mama mkwe."

"Mfumo unaonyesha tisa, mama."

"Mfumo umenakili kwa mkaguzi, na mkaguzi alihesabu funguo zangu mbovu. Mwanangu, hiyo ni nakala ya nakala. Jino limeshapotea hapo."

Karani akatazama kioo chake. "Unaweza kuweka pingamizi. Lakini lazima ukubali kwanza."

"Nikubali nini?"

"Ritani. Mfumo haupokei pingamizi la kitu ambacho hujakikubali. Ukubali kwanza, upinge baadaye."

"Na nisipokubali?"

Karani akamweleza bila ubaya wowote, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Bila ritani hakuna cheti cha kutodaiwa. Bila cheti hakuna leseni. Bila leseni kibanda kitafungwa na kilichomo ndani kitabaki ndani. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na moja. Na kilichokuwamo ndani ni mashine ya kuchonga funguo ambayo marehemu baba mkwe aliinunua kwa akiba ya miaka sita, mashine iliyosomesha watoto wa nyumba ile na kuzika wazee wake.

Mama Funguo alipiga moyo konde, akarudi kwenye duka la kompyuta, akabonyeza pale palipoandikwa Kubali. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na sauti ya mama mkwe.

"Mkwe wangu, hebu toka uniambie choo kimehamia wapi."

Choo hakikuhama. Kilikuwa palepale, mwisho wa ukumbi, isipokuwa ukumbi ulikuwa umerefuka. Kati ya chumba cha bibi na choo sasa palikuwa na milango tisa, minne upande huu na mitano upande ule, yote imepakwa rangi ya kijivu cha ofisini. Uwanja wa jirani haukupungua hata hatua moja. Mama Funguo alitoka nje akaupima kwa miguu. Akarudi ndani, akainama kwenye mlango wa kwanza, akakitazama kitasa.

"Vya bei rahisi," akasema.

"Bawaba je?" bibi akauliza.

"Bawaba ndiyo kabisa."

Ubao wa funguo alikuwa na mazoea ya kurudi nao nyumbani kila jioni. Akautoa ufunguo uitwao Mkaidi, ule ambao miaka minane iliyopita ulikataa katakata mlango wa stoo ya muuza rangi, akauchomeka. Ukaingia kama mguu kwenye kiatu cha zamani, ukazunguka, mlango ukafunguka. Akaufikiria muuza rangi na jinsi alivyomtukana siku ile, na moyo wake ukaona raha kidogo.

Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja, na mwanamume wa makamo aliyekuwa anafunga kamba za viatu.

"Habari za asubuhi," akasema. "Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Na wewe?"

"Mkaidi. Mpangaji." Akatoa karatasi mfukoni mwa shati. "Pango nimeshalipa, la mwaka mzima."

Ilikuwa risiti halali, yenye mhuri, ikisema Mama Funguo amepokea. Mama Funguo akaisoma pande zote mbili.

"Ulinipa lini pesa hizi?"

Mkaidi akafikiri kwa uaminifu. "Sikukupa. Imeandikwa tu kwamba nilikupa."

"Na hukai na pesa mahali?"

"Mimi sina hata mfuko wa suruali, mama. Tazama."

Ilikuwa kweli. Suruali yake haikuwa na mifuko, na ya Mfupi wa chumba cha pili vilevile. Wote tisa walikuwa watu wa heshima. Mfupi alikuwa mfupi. Mlegevu alianguka kila alipoegemea kitu. Mzito alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyejitolea siku hiyohiyo kubeba ndoo za maji za nyumba nzima, na Jino Moja alikuwa bibi kizee mcheshi ambaye kufikia saa sita mchana alikuwa ameshajua siri zote za mama mkwe na kumpa zake, ambazo hazikuwa nyingi. Ukiwauliza wametoka wapi, walisema sehemu ya pili, kipengele cha nne. Zaidi ya hapo hawakukumbuka.

Mama Funguo akawachongea kila mmoja ufunguo wake. Zile tisa za asili akazirudisha kwenye ubao, kwa sababu kazi iliyoharibika haiondolewi kwenye hesabu ati kwa kuwa imepata bahati.

"Mwenzangu," bibi akamwambia mkwewe jioni hiyo, "lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sasa limekuja. Utafanyaje?"

"Nitapinga, mama. Nilikubali ili nipinge."

Akapinga. Aliandika barua kurasa mbili, mwandiko wake ule wa wima, akaeleza habari ya funguo, masharti, misumari na mkaguzi, akaambatanisha daftari la mauzo la mwaka mzima. Siku ya tatu mkaguzi akafika nyumbani kuthibitisha. Alivua viatu mlangoni, akapita ukumbini akigonga kila mlango, akasalimiana na wapangaji, akanawa mikono kwenye bomba, akaandika neno moja kwenye fomu. Neno lenyewe lilikuwa Vipo.

"Bwana mkaguzi," Mama Funguo akamwambia, "siku ulipoandika havikuwepo."

"Sasa vipo?"

"Sasa vipo kwa sababu uliandika."

"Basi niliandika sawa," akasema mkaguzi. Akavaa viatu vyake, akazifunga kamba kwa uangalifu, akaondoka.

Hasira aliyoisikia Mama Funguo hapo haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ile inayomfanya mtu apange vitu vizuri. Alifua nguo yake nzuri, akaipiga pasi, na Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa tena kwenye foleni ya ofisi ya kodi. Safari hii nyuma yake walikuwa wamesimama wapangaji tisa kwa mpangilio wa vyumba vyao. Mama mkwe alikaa kwenye benchi la wageni na chupa ya chai. Watu wa foleni waliwatazama, wakasogea kuwapa nafasi. Kila mmoja alikuwa na lake lililomleta. Mzee mmoja alikuwa anadaiwa kodi ya ng'ombe waliotajwa kwenye methali aliyoinukuu katika barua ya maombi, na ng'ombe wenyewe, alisema, walikuwa nje wamefungwa kwenye uzio wa maegesho.

Dirisha namba sita lilifunguliwa saa mbili. Zamu yao ilifika saa saba.

"Nimeleta mashahidi," Mama Funguo akasema. "Nasema sijapokea pango. Hawa ndio inaosemekana wamelipa. Waulize."

Mkaidi akasogea dirishani. "Mimi sijawahi kumpa mama huyu hata senti."

"Wala mimi," akasema Mfupi, ambaye ilibidi Mzito amnyanyue ili aonekane.

"Mimi ningempa," akasema Jino Moja, "maana ni mwanamke mzuri. Lakini sina."

Wakasema wote tisa. Karani alisikiliza mpaka mwisho, na Mama Funguo aliona kwamba alisikiliza kweli, kwa sababu alivua miwani. Kisha akaivaa.

"Nawasikia, mama. Lakini siwezi kuwaandika. Mfumo unapokea ushahidi wa mtu mwenye namba ya mlipakodi, na hawa hawana."

"Si mfumo wenyewe uliowaleta?"

"Uliwaleta kama wapangaji. Haukuwaleta kama walipakodi." Akafikiri kidogo, na pengine alitaka kusaidia. "Naweza kuwasajili hapa hapa. Inachukua dakika tano kila mmoja."

Akawasajili. Ilichukua dakika ishirini kila mmoja, kwa kuwa mtandao ulikatika mara nne, na ilipofika saa kumi na dakika chache wapangaji wote tisa walikuwa na namba. Karani akaziingiza moja moja. Akabonyeza. Akasubiri. Akasoma kilichotokea, akakisoma tena, akageuza kioo ili Mama Funguo ajionee.

Mfumo ulikuwa umewatambua. Na kwa kuwa walikuwa na namba, na walitajwa kwenye risiti za mwaka mzima, ulikuwa unawadai ritani zao wenyewe, pamoja na faini ya kuchelewa. Ushahidi wao usingeweza kupokelewa mpaka walipe.

Mlegevu akaegemea kaunta, akaanguka. Wenzake wakamnyanyua.

"Mnyonge mnyongeni," Mama Funguo akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "lakini haki yake mpeni! Mwanangu, hapo ulipo, wewe unaamini nimepokea pesa hizi?"

"Hapana, mama," karani akasema. "Siamini."

"Basi andika hivyo."

"Hakuna pa kuandika."

Alisema hivyo kwa upole, akaonyesha kwa kidole kila nafasi ya ule ukurasa, moja baada ya nyingine, ili mama ahakikishe mwenyewe. Kweli hapakuwa na pa kuandika. Mama Funguo akaomba karatasi nyeupe. Akaandika kwa mkono, pale pale kaunta: Sikupokea, na sitalipa. Akaweka sahihi. Mkaidi akaweka yake chini, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, na wengine wakafuata. Karani akaigonga mhuri wa Imepokelewa, akaitia kwenye kasha la chini ya meza, ambamo zilionekana karatasi nyingine nyeupe nyingi.

Walipokuwa wanatoka, Mkaidi alisimama kwenye ngazi. "Mimi nimezaliwa na fomu," akasema. "Na siikubali."

"Karibu kwenye ukoo," bibi akamwambia, akammiminia chai.

Siku ya kumi na moja ikapita, kodi haijalipwa na cheti hakijatoka. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili, Mama Funguo alipofika kibandani na ubao wake kwapani, aliwakuta maofisa wawili na mkaguzi. Walikuwa wameshatia kufuli. Juu yake walibandika karatasi yenye maelezo kwamba atakayeigusa kufuli hii, kuifungua au kuivunja, atafungwa jela na mali yote iliyomo ndani itachukuliwa. Kwenye upenyo wa mbao aliiona mashine yake, imefunikwa kitambaa kama alivyoiacha.

Akainama, akaitazama kufuli bila kuigusa. Ilikuwa ya aina ambayo yeye asingeiuza hata kwa adui.

"Mmenunua wapi hii?"

"Zabuni," akasema ofisa mmoja.

"Ikinyesha mvua ya kwanza itaota kutu. Na anayeitaka ataifungua kwa pini ya nywele."

"Wewe utaifungua?" mkaguzi akauliza, kalamu tayari.

"Mimi sifungui mlango wa mtu bila ridhaa yake. Hata ukiwa wangu."

Mkaguzi akaandika hilo pia.

Mama Funguo hakurudi nyumbani kulia. Alirudi kuchukua kigoda, jiliwa dogo la baba mkwe na tupa tatu, akarudi, akakaa mbele ya kibanda chake kilichofungwa, akauegemeza ubao kwenye ukuta wa mbao. Bibi akaja na kigoda chake. Alikuwa na miaka sabini na mitatu na vidole vilivyoanza kupinda, lakini kabla ya mashine kununuliwa yeye alikuwa anachonga kwa mkono, na mkono haujasahau. Wakachonga wawili pamoja. Funguo tatu kwa siku badala ya thelathini. Wateja walisubiri, wengine waliacha funguo zao, wakaenda zao sokoni, wakarudi kesho. Muuza rangi alipita akaangalia kufuli ya serikali, akatikisa kichwa, akaagiza funguo mbili ambazo hakuzihitaji.

Lakini funguo tatu kwa siku hazilishi nyumba yenye watu kumi na mmoja. Mwisho wa juma la pili, Mama Funguo alihesabu kilichobaki kwenye kopo, akamtazama bibi, na bibi akayakwepa macho yake. Mashine ilikuwa hatua mbili nyuma ya migongo yao.

Siku hiyo Mama Funguo akageuza kigoda chake, akakaa akiitazama kufuli. Aliitazama kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni, kisha akalala chini kabisa akalitazama tundu lake jua likiwa upande wa mashariki. Hakuigusa. Kisha akabana kwenye jiliwa ufunguo ambao haujachongwa, akaanza kupiga tupa. Jino la kwanza, la pili, la tatu. Akaupuliza vumbi la shaba, akauinua mwangani, akaupunguza kidogo kwenye bega. Hakuujaribu, maana kuujaribu ni kufungua. Akauandikia kikaratasi, Haujajaribiwa, akautundika kwenye msumari wa kumi.

"Huo haujagoma," bibi akasema. "Kwa nini umeuweka hapo?"

"Dawa ya moto ni moto, mama. Subiri Ijumaa."

Kila Ijumaa saa nne mkaguzi alikuwa anapita kuthibitisha kwamba kufuli ipo. Ijumaa hiyo alipita. Akaitazama kufuli, akaandika Ipo. Akageuka aondoke, na macho yake yakapita kwenye ubao, yakarudi. Akazihesabu kwa ncha ya kalamu. Akazihesabu mara ya pili.

"Zilikuwa tisa," akasema.

"Sasa ni kumi."

"Huu wa kumi ni wa nani?"

Bibi akaacha kupiga tupa.

"Wangu," akasema Mama Funguo.

"Ni wa chumba kipi?"

"Ukishaandika, kitajulikana."

Mkaguzi akaandika. Ritani ilikuwa imeshakubaliwa, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kuongeza moja kwenye tisa. Alikuwa mtu makini, hakuna aliyeweza kumlaumu kwa kuruka kitu.

Jumamosi asubuhi, mlango wa kumi ulikuwa mwisho wa ukumbi, ukitazamana na choo. Kijivu kama wenzake. Wapangaji tisa walikuwa wamesimama na miswaki yao mikononi, wamepisha njia. Mama Funguo aliutoa ufunguo kwenye ubao, akauchomeka, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulisita, kwa kuwa fundi yeyote huogopa ufunguo ambao hajaujaribu. Ukazunguka. Hakuna mahali uliposhika.

Hewa ya vumbi la chuma na mafuta ya mashine ikamfikia kabla mlango haujafunguka wote. Ndani kulikuwa na meza yake, daftari la akiba, kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuwahi kuitoa, na mashine ikiwa chini ya kitambaa chake. Upande wa pili ulikuwa mlango wa mbao wa kibanda, umefungwa kwa nje, na kwenye upenyo wake alisikia soko likianza siku. Kivuli cha kufuli kilikuwa kimelala sakafuni. Hakuwa ameigusa, wala hakuifungua, wala hakuivunja.

Bibi akaingia nyuma yake, akakitoa kitambaa, akakikunja mara nne. Akaiwekea mashine kiganja, na machozi yakamtoka bila kuyaficha.

"Inahitaji mafuta," akasema.

Juu ya meza palikuwa na risiti. Ilisema mpangaji wa chumba cha kumi ni Mama Funguo, na kwamba amemlipa Mama Funguo pango la mwaka mzima.

Tangu siku hiyo kazi ikarudi thelathini kwa siku. Wateja walipenyeza funguo zao chini ya mlango uliofungwa, wakapokea mbili mbili kupitia hapo hapo. Ijumaa saa nne mkaguzi alikuwa anasimama nje, mashine ikiguruma ndani, akiitazama kufuli, ambayo ilikuwa imeshaanza kutu. Akaandika Ipo. Mara moja aliupenyeza ufunguo wa dawati lake chini ya mlango, akaomba nakala, akalipa bei kamili.

Mwaka ukazunguka. Ritani ikaja ikiwa imeshajazwa: vyumba kumi, wapangaji kumi, pango la kumi, faini ya mwaka jana, faini ya wapangaji tisa, na faini ya mpangaji wa kumi ambaye alichelewa kujitangaza kwa mwenye nyumba wake. Mama Funguo hakubonyeza Kubali. Alikwenda dirisha namba sita akiwa na karatasi yake nyeupe, Sikupokea na sitalipa, yenye sahihi kumi na moja maana safari hii bibi alitia yake. Ng'ombe wa yule mzee walikuwa wamezaa. Karani akaigonga mhuri, akafungua kasha, akakuta limejaa, akavuta la pili.

Barua ya madai ilifika wiki mbili baadaye, ikiwa imepenyezwa chini ya mlango wa kibanda pamoja na funguo za wateja. Ilisema kiasi chote, ikatoa siku thelathini, ikaeleza kwamba asipolipa watatia kufuli ya pili. Mama Funguo aliisoma akiwa amesimama, miwani ya kazi puani. Akaigeuza. Akaitazama kwenye mwanga, kama anavyotazama kila kazi inayoletwa mbele yake, kuona ilichongwa kutoka kwenye nini.

Msumari wa kumi ulikuwa mtupu, kwa sababu ufunguo wake ulikuwa kazini. Akaitoboa barua tundu juu, akaitundika hapo, akachukua kikaratasi na uzi. Akaandika: Nakala ya nakala. Halafu akawasha mashine, akamwita mteja wa kwanza.